Simu inamsomea, sawa, ila nani anamfundisha?

Kuna jambo limetokea kimyakimya miaka hii michache na naona wazazi wengi wenye watoto wenye disleksia, yaani shida ya kusoma na kuandika isiyotokana na uhaba wa akili, wanalielewa vibaya. Simu ya kawaida kabisa siku hizi unapiga nayo picha ukurasa wa kitabu, inausoma kwa sauti, na sio ile sauti ya zamani ya kukwaruza, ni sauti inayopumzika kwenye koma na kupanda kwenye swali. Mtoto akiongea, inaandika anachosema. Kwahiyo nasikia kauli hii mara nyingi mno, kwa wazazi na hata kwa walimu, kwamba sasa kuna haja gani ya kuendelea kumtesa mtoto na herufi, si tumpe kifaa maisha yaendelee. Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Kifaa apewe, na apewe leo, lakini kifaa kinampa mtoto yaliyomo kwenye kitabu, hakimpi uwezo wa kusoma, na mzazi akiishia hapo atakuwa amepata nusu ya msaada, tena ile nusu rahisi. Nusu ya pili ni mtu mzima anayeijua kazi, anayekaa na mtoto mara kadhaa kwa wiki akimfundisha jinsi sauti na herufi zinavyoshikana, na hiyo nusu ndo ngumu kuipata na ndo naona inaanza kuachwa.

Turudi nyuma kidogo maana hili swali sio jipya kama linavyoonekana. Mwaka 1896 daktari mmoja Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika kwenye jarida la madaktari kuhusu kijana wa miaka 14 aitwaye Percy, mwerevu, anayeona vizuri, anayehesabu bila shida, ila maandishi yalimshinda kabisa, hata jina lake mwenyewe aliliandika Precy bila kugundua kosa. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa kwa mdomo, kijana huyu angekuwa wa kwanza shuleni. Neno lenyewe disleksia lilikuwa limeshatungwa miaka 9 kabla, 1887, na daktari wa macho Mjerumani Rudolf Berlin, na kwa muda mrefu watu walidhani tatizo liko machoni, kwamba mtoto anaona herufi zimegeuka. Utafiti wa miongo iliyofuata ukahamisha shida kutoka machoni kwenda kwenye sauti. Watoto wengi wenye disleksia wanapata shida kulichanachana neno walilolisikia kuwa sauti ndogondogo na kuzifunga hizo sauti kwenye herufi haraka, bila kufikiria. Makadirio ya kawaida ni asilimia 5 hadi 10 ya watu, yaani darasa la watoto 40 linaweza kuwa na wawili mpaka wanne, na inatembea kwenye familia, mzazi akiwa nayo uwezekano wa mtoto kuwa nayo unapanda sana. Akili haihusiani. Zamani ilibidi mtoto aonyeshe pengo kubwa kati ya akili na usomaji ndo ahesabiwe, kipimo hicho kimeachwa sehemu nyingi kwasababu watoto wasiosoma vizuri wanahitaji mafundisho yaleyale hata kama alama zao za akili zinatofautiana.

Hapa nataka nikae kidogo kwasababu sisi tunaosoma Kiswahili tuna mtego wetu. Maelezo mengi ya disleksia yanayozunguka yameandikwa na watu wa Kiingereza, lugha ambayo herufi moja ina sauti tano, kwahiyo dalili kubwa wanayoitaja ni makosa, mtoto anasoma neno tofauti kabisa na lililoandikwa. Kiswahili kinasomeka kinavyoandikwa, ba be bi bo bu, mtoto akishazipata silabi anaweza kulipasua neno lolote hata asilolijua maana. Matokeo yake mtoto mwenye disleksia anayesoma Kiswahili anaweza asikosee sana, anasoma polepole tu, a-li-po-wa-ku-ta, na akifika mwisho wa neno mwanzo wake umeshamponyoka. Na maneno yetu ni marefu. Alafu maana yetu kubwa tumeificha katikati ya neno, alipolipa, asipolipa, atakapolipa, silabi moja au mbili tu pale ndani ndo zinazosema amelipa, hajalipa au atalipa, na mtoto anayekisia kwa kuangalia mwanzo na mwisho wa neno anaondoka na maana iliyo kinyume kabisa na swali la mtihani. Mwalimu anasema huyu anajua kusoma ila haelewi, au hana umakini, au mvivu. Mwaka 2001 timu iliyoongozwa na Eraldo Paulesu ililinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Kiitaliano nacho maandishi yanafuata sauti karibu kama kwetu, na Waitaliano kweli walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wenzao, lakini walipopigwa picha za ubongo wakati wa kusoma, wote walionyesha upungufu uleule upande wa kushoto wa ubongo. Kwahiyo mtu asikuambie Kiswahili ni rahisi hivyo hakuna disleksia. Ipo, inajificha kwenye mwendo, na ukitaka kuikamata msikilize mtoto anavyochukua muda kufika mwisho wa sentensi, mwambie aseme kata bila ile k ya mwanzo uone kama anapata ata, angalia akiandika kama mb, nd na ng' zinampotea.

Sasa hoja ya wanaosema kifaa kinatosha. Sitaki kuidharau kwasababu ina uzito. Wanasema lengo la kusoma ni kupata maarifa, na kama maarifa yanaweza kuingilia masikioni, kuna haja gani ya kumbana mtoto apitie mlango uliomfungia. Na ushahidi unawaunga mkono kwa sehemu, uchambuzi wa pamoja wa tafiti uliotoka 2018 ulionyesha kwamba wanafunzi wenye shida ya kusoma wanaelewa zaidi matini wanaposomewa na kifaa kuliko wanapohangaika wenyewe. Tofauti haikuwa ya kutisha lakini ilikuwepo. Kuna jambo kubwa zaidi nyuma yake, mtoto asiyesoma anakosa msamiati, anakosa historia, anakosa sayansi, na kila mwaka pengo linapanuka kwasababu wenzake wanajifunza vitu vipya kwa kusoma na yeye bado yuko kwenye silabi. Sauti inaziba hilo pengo. Mtu anayemnyima mtoto wa miaka 10 kusikiliza kitabu cha sayansi kwasababu hajaweza kukisoma anamwadhibu kwa kosa ambalo sio lake, na hapo niko upande wa watu wa vifaa asilimia mia.

Na upande ule mwingine kuna hoja dhaifu kuliko zote ambayo bado ina nguvu mitaani na madarasani, kwamba ukimpa sauti atazoea, atakuwa mvivu, hatajifunza kusoma tena. Hii tuimalize. Mtoto mwenye disleksia anafanya kazi zaidi ya mwenzake kwa ukurasa uleule, anachoka kwasababu kila neno ni jasho, na uvivu tunaouona mara nyingi ni mtu aliyeshindwa mara nyingi mbele za watu akaamua bora aonekane hataki kuliko aonekane hawezi. Kumnyima sauti hakumfanyi asome zaidi, kunamfanya achukie kitabu. Kusoma hakuji kwa kulazimishwa kukaa na ukurasa usiofunguka, kunakuja kwa kufundishwa kuufungua, na mafundisho hayo yana muda wake kwenye ratiba ambao hauguswi na saa ya kusikiliza sayansi. Mtoto anaweza kusikiliza somo asubuhi na mchana akafanya kazi ya herufi na sauti, hakuna kinachogombana hapo.

Tatizo linaanza pale watu wa vifaa wanapopiga hatua moja mbele na kusema kwahiyo mafundisho ya kusoma hayana haja tena. Mtoto wa dada yangu alikaa kwangu mwaka mzima akiwa na miaka 9, alikuwa anajua kila kitu kuhusu volkano kutokana na kusikiliza, ungekaa naye akakueleza mpaka ukashangaa. Siku moja mwenzake alimpa kikaratasi mkononi, akakiangalia, akatabasamu, akakitia mfukoni. Hakujua kilichoandikwa. Maandishi yako kila mahali na mengi yako mahali ambapo huwezi kutoa simu ikasoma kwa sauti, ujumbe wa siri wa rafiki, fomu mbele ya karani, maelezo ya dawa, swali la mtihani ambalo jibu lake liko kwenye silabi moja katikati ya neno. Na anayesoma kwa macho anaweza kurudi nyuma, kuruka, kutafuta mstari mmoja kwenye kurasa 30, kulinganisha aya mbili, wakati sauti inakwenda mbele tu kwa mwendo wake. Halafu kuna kuandika. Kumwambia simu iandike kunasaidia, lakini mtoto asiyeweza kusoma alichoandikiwa hawezi kujua kama simu imeandika asipolipa au alipolipa.

Na muda haumngoji. Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani Connie Juel alifuatilia watoto 54 toka darasa la kwanza mpaka la nne, akakuta aliyekuwa msomaji dhaifu mwisho wa darasa la kwanza alikuwa na uwezekano wa asilimia 88 kuwa bado dhaifu mwisho wa la nne. Ndo maana kauli ya msubiri atakua nayo itaisha inaniumiza sana ninapoisikia, inasemwa kwa upendo lakini inakula ile miaka ambayo mafundisho yanaleta faida kubwa kwa juhudi ndogo.

Mtu ataniambia basi sawa, ila hata hayo mafundisho kuna programu zinafanya. Zipo, na nyingine zimetengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Mfano mzuri ni GraphoGame, iliyotokana na utafiti wa chuo kikuu cha Jyväskylä Finland, mchezo ambao mtoto anasikia sauti na kuchagua herufi yake haraka, tena na tena. Wazo ni sahihi kabisa. Lakini tafiti zake nyingi zilipochambuliwa kwa pamoja mwaka 2020, kwa wastani mchezo haukuleta faida ya wazi kwenye kusoma maneno, isipokuwa pale ambapo mtu mzima alikaa na mtoto, akazungumza naye kuhusu anachofanya, akamrudisha kwenye njia. Hapo faida ilionekana. Mimi hili naliona ni jibu la mjadala mzima, programu ileile, mtoto wa aina ileile, tofauti ni nani amekaa pembeni. Mtoto anayecheza peke yake anajifunza kushinda mchezo, na watoto ni hodari wa kutafuta njia ya kushinda bila kupita kwenye lile jambo gumu.

Mafundisho yenyewe yanaweza kufanya nini, hapa tusidanganyane pia. Mwaka 2001 Joseph Torgesen na wenzake walitoa matokeo ya watoto 60 wa miaka 8 hadi 10 wenye shida kubwa kabisa ya kusoma, ambao walifundishwa mmojammoja vipindi viwili vya dakika 50 kila siku ya shule kwa wiki 8, jumla masaa 67.5. Usahihi wao ulipanda sana, uelewa ukapanda, miaka miwili baadaye bado walikuwa nao, na kama asilimia 40 walitolewa kwenye elimu maalumu ndani ya mwaka mmoja. Ila kasi ilibaki nyuma. Wakawa watoto wanaosoma kwa usahihi, polepole. Ukiutazama ushahidi huu vizuri unawajibu wote wawili. Anayesema kifaa kinatosha, aone watoto ambao shule ilishawashindwa wakijifunza kusoma ndani ya wiki 8. Anayesema mafundisho yanatosha na vifaa ni uvivu, aone kwamba hata baada ya mafundisho bora mtoto bado atahitaji muda wa ziada kwenye mtihani na atahitaji kusikiliza vitabu virefu, pengine maisha yake yote.

Sasa mzazi anayetafuta msaada afanye nini. Kwanza macho na masikio vipimwe, sio kwasababu disleksia iko huko, ni kwasababu mtoto asiyesikia vizuri atashindwa sauti kwa sababu nyingine. Pili, usisubiri cheti ndo mafundisho yaanze. Tathmini ya mtaalamu ina thamani, inafungua mlango wa haki kwenye mitihani na inamwondolea mtoto lile wazo la kwamba yeye ni mjinga, lakini foleni ni ndefu na gharama ni kubwa sehemu nyingi, na mtoto anayesoma kwa shida anahitaji mafundisho yaleyale jina liwepo lisiwepo. Nimeona familia inatumia nguvu zake zote mwaka mzima kutafuta karatasi, karatasi ikapatikana, na mtoto siku hiyo anajua kusoma vilevile kama mwaka uliopita.

Alafu ukimpata mtu anayesema anafundisha watoto wenye disleksia, muulize anaanza wapi. Jibu unalotaka kusikia ni kwamba anaanza kwa kumpima mtoto sauti gani na silabi gani anazijua, anaanzia hapo hata kama ni chini kuliko darasa lake, anafundisha kitu kimoja baada ya kingine kwa mpangilio, anarudia cha jana kabla ya cha leo, anampa asome maneno yaliyojengwa na kile alichofundishwa tu, na anamwandikisha maneno hayohayo. Muulize mtoto akikosea neno anafanya nini. Akisema anamwambia akisie kwa kutazama picha au kwa maana ya sentensi, shukuru uondoke. Muulize anajuaje kama mtoto anaendelea, aliye makini ana daftari lenye tarehe, maneno mangapi kwa dakika, makosa mangapi. Na muulize mara ngapi kwa wiki, mara moja haitoshi kwa mtoto mwenye shida kubwa. Jina la mbinu lisikutishe wala lisikulevye. Mbinu maarufu kuliko zote, iitwayo Orton-Gillingham, inayotokana na kazi ya Samuel Orton na Anna Gillingham kabla ya vita kuu ya pili, imewasaidia wengi, lakini tafiti zake zilipochambuliwa mwaka 2021 hazikuonyesha ushindi wa wazi juu ya mafundisho mengine waliyopewa watoto wa kulinganisha, kwahiyo mwalimu mwenye mpangilio na uvumilivu asiye na cheti cha jina hilo anaweza kuwa bora kuliko mwenye cheti anayekuja mara moja kwa mwezi.

Kuna na vitu vinavyouzwa ambavyo vinakula hela na muda wa familia, na hapa nakuwa mkali kwasababu wanaolengwa ni wazazi waliochoka. Lenzi za rangi na plastiki za rangi za kuwekea juu ya ukurasa, mazoezi ya macho, fonti maalumu, yaani herufi zenye umbo la kubuniwa kwa ajili ya disleksia. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba lenzi za rangi na mazoezi ya macho hayana ushahidi wa kutibu disleksia. Mwaka 2014 Katharina Galuschka na wenzake walikusanya majaribio 22 yenye vikundi vya kulinganisha vilivyopangwa kwa bahati nasibu, na njia pekee iliyothibitika kwa uhakika kuinua usomaji na uandishi ilikuwa kufundisha uhusiano wa herufi na sauti. Fonti ikimpendeza mtoto mwekee, haidhuru, maandishi yaliyokuzwa na nafasi pana kati ya mistari vinaweza kupunguza uchovu, ila usiinunue kama dawa.

Kwa upande wa kusikiliza, anza na kilicho tayari mkononi, simu nyingi za Android na iPhone zina kisomaji ndani yake kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility), hakuna cha kununua. Na watu wengi hawajui kwamba mkataba wa Marrakesh wa 2013, ule wa kuruhusu vitabu vigeuzwe kuwa sauti au muundo mwingine bila kuvunja hakimiliki, haukuandikwa kwa wasioona peke yao, unamtaja pia mtu mwenye ulemavu wa kusoma, na disleksia inaingia humo. Kama nchi imeuridhia, maktaba yake ya wasioona inaweza kumhudumia mtoto wako. Bookshare, maktaba ya mtandaoni yenye vitabu zaidi ya milioni 1, inapokea wenye disleksia waziwazi, japo vitabu vyake vingi ni vya Kiingereza.

Ninachoogopa ni kinachofuata kwenye mipango ya shule. Kifaa kinanunuliwa mara moja, kinahesabika, kinapigwa picha siku ya kukabidhiwa. Masaa ya mwalimu hayapigwi picha, yanalipwa kila mwezi, na mwalimu mwenyewe inabidi afundishwe kwanza, walimu wengi wametoka vyuoni bila kuonyeshwa hata mara moja jinsi ya kumfundisha mtoto ambaye njia ya kawaida imemshinda. Kwahiyo mkuu wa shule mwenye bajeti ndogo, bila ubaya wowote moyoni, atachagua vifaa na kuandika kwenye ripoti kwamba mahitaji yametimizwa. Na ile kauli ya mwalimu wa Percy, ambayo mwaka 1896 ilikuwa ni huruma ya mtu aliyekosa njia, itageuka kuwa sera, masomo kwa mdomo na masikio, na mtoto abaki bila kusoma wakati leo njia ya kumfundisha inajulikana. Wa kwanza kubaki hivyo watakuwa wale ambao wazazi wao hawana uwezo wa kumlipa mwalimu wa pembeni.

Mzazi akiitwa kwenye kikao akaambiwa mtoto atapewa tableti, aipokee kwa shukrani, aulize pia iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo nani atamfundisha kusoma, siku zipi, dakika ngapi, na baada ya wiki ngapi watakaa tena kuangalia daftari la maendeleo. Kama hakuna jina la kuandika hapo, mjadala ndo kwanza umeanza, na mzazi ana haki ya kubaki amekaa kwenye kiti chake mpaka lipatikane.